Boti Ni ya Nani Ikishajaa?

Kila mtu anayeuza boti iliyotumika hukuonyesha ikiwa tupu. Mtapanda wewe na yeye, na labda kijana mmoja wa kushika kamba. Mashine itavutwa mara mbili, itaitika, na baada ya sekunde chache omo litainuka kisha boti italala juu ya maji na kuanza kuteleza. Utarudi ufuoni ukiwa tayari umeshatoa pesa kichwani mwako. Hakuna aliyekudanganya. Ulichokiona ni kweli kabisa, ila hiyo boti hutaitumia hivyo tena hata siku moja.

Ami yangu kule Lamu alinunua boti ya faiba ya futi 17, ya mkono wa tatu ama wa nne, ikiwa na mashine ya 15. (Pwani hakuna anayesema injini ya kufungwa nyuma ya boti. Ni mashine, basi, na namba ni nguvu zake za farasi.) Alitaka kuiboresha, na mimi nilikuwa na wiki tatu zisizo na kazi, kwa hivyo nilikuwa pale nikishika spana na kuuliza maswali mengi kuliko yaliyohitajika. Swali moja limekataa kunitoka. Chombo kikiwa changu, nimekilipia, naweza kukifanya kiwe ninavyotaka hata kama wengine ndio watakaokaa ndani yake? Na fundi ninayemlipa, ana haki gani ya kunikatalia?

Kwa sababu fundi alikataa.

Ami alitaka mashine ya 40. Na hakuitaka kwa sifa, hii lazima niiseme mapema, maana sisi wa mjini tukisikia mtu anataka mashine kubwa tunafikiria nganya: rangi, muziki, vioo vyeusi. Ami ni mvuvi. Bandari mpya ya Lamu ilipochimbwa, wavuvi wengi walipoteza mahali walipozoea kutega na kuvua, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 wapewe fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 1.7. Fidia ni kitu kimoja, samaki ni kitu kingine. Ami anasema samaki wake sasa wako mbali. Ukienda mbali na mashine ya 15 unaondoka na giza na kurudi na giza, na msimu wa kusi, upepo ukishapanda, kujikokota huko nje nako ni hatari. Kwa hivyo ukimwambia mtu kama huyu apunguze tamaa, unamhubiria aliyesukumwa.

Mazungumzo yao yalikuwa mafupi.

"Fundi, nifungie 40."

"40 kwa hii? Siifungi."

"Pesa si zangu?"

"Pesa zako, mzee wangu. Mkono wangu."

Halafu akachukua mpini wa nyundo akaanza kugonga ule ubao wa tezi ambao mashine hushikilia. Upande wa kulia ulilia tik, tik. Upande wa kushoto ulilia dup. Ndani ya faiba pale kuna mbao za plaiwudi, na maji yakipenya kupitia tundu za bolti, mbao huoza taratibu huku nje faiba inang'aa kama mpya. Mashine ya 15 haifiki kilo 40. Ile ya 40 inakaribia kilo 70, na kilo zote hizo zinaning'inia kwenye ubao mmoja. Uzito si hata shida kubwa. Shida ni kwamba mashine ndiyo inayoisukuma boti nzima, na inaisukuma kupitia ubao huohuo.

Usiku nikaingia mtandaoni kutafuta hesabu. Marekani boti ndogo lazima ziwe na kibati kinachosema zimeruhusiwa kubeba watu wangapi na mashine ya nguvu kiasi gani. Boti za huku, nyingi hazina kibati hicho, lakini kanuni yao unaweza kuitumia mwenyewe. Unachukua urefu wa boti kwa futi, mara upana wa tezi. Kwa boti ya kushikwa kwa mkono, isiyo na usukani wa mbele wala sakafu bapa, unazidisha jibu kwa 0.8 na kutoa 25. Boti ya ami, futi 17 kwa futi 4, inakupa 29 na kidogo. Kesho yake nikamwonyesha ami kwenye simu. Akaangalia, akanirudishia simu. "Hao Wamarekani wanaenda kuvua au wanaenda pikiniki?"

Ni swali la haki, ukiniuliza. Kanuni ya usalama inamfaa zaidi mtu ambaye asipokwenda baharini leo bado atakula. Lakini haimaanishi kanuni ni ya uongo. Bahari haijui kama umekwenda kuvua au kupunga upepo.

Sasa, kitu ambacho watu wengi hawakijui kuhusu kuboresha boti, na mimi sikukijua, ni kwamba nguvu mpya ni ndogo sana katika hiyo kazi yote. Kwanza fundi alisafisha kabureta ya ile 15, akabadilisha plagi, akaweka impela mpya kwenye pampu ya maji, ule mkojo unaotoka pembeni mwa mashine ukarudi kuwa mkojo wa maana. Akakataza ule uchanganyaji wa oili wa kukadiria kwa jicho: lita moja ya oili kwa lita 50 za petroli, ipimwe. Ghafla 15 ikawa 15 kwelikweli. Nusu ya kile ambacho ami alikuwa anataka kununua kilikuwa ndani ya mashine yake mwenyewe, kimeziba.

Baada ya hapo kila ulichogusa kilikuwa na deni lake. Chukua propela. Namba ya pili iliyopigwa chapa kwenye propela ni mwendo wake kwa inchi, yaani ingekuwa skrubu kwenye mbao laini, ingesonga inchi ngapi kwa mzunguko mmoja. Propela ya inchi 13 ni kama gia kubwa: boti ikiwa tupu inakimbia vizuri sana. Lakini pakia watu wanne, barafu, nyavu na samaki, na mashine itaanza kulalamika, haifikii mizunguko ambayo mtengenezaji ameiandika, inapata moto, inakunywa petroli na hainyanyuki. Shuka hadi inchi 11 na mashine inapumua. Kila inchi moja unayopunguza inakuongezea takribani mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika. Boti iliyojaa inanyanyuka. Ikiwa tupu sasa, unaachwa na wenzako, na ukikanyaga moto wote mashine inaweza kuzunguka kupita kiasi.

Ama chukua urefu wa kuifunga mashine. Ukiinyanyua inchi moja kwa kipande cha mbao, mguu unaoburuta majini unakuwa mfupi, unapata mwendo wa bure. Bure kwenye maji ya mlango wa Lamu asubuhi, yakiwa yametulia kama chai. Nje huko kwenye mawimbi, propela inatoka karibu na uso wa maji, inavuta hewa, mashine inapiga kelele na boti haiendi popote. Na hiyo hutokea unapokata kona au wimbi linapokunyanyua, yaani wakati unaohitaji iende.

Kwa hivyo hakuna anayeboresha boti hivihivi tu. Unaiboresha kwa ajili ya siku fulani na kwa ajili ya mtu fulani. Tajiri aliyekaa nchi kavu anataka safari mbili kwa siku. Nahodha aliyeshika mkono wa mashine anataka petroli ibaki. Baharia aliyekaa mbele na nyavu anataka ukingo wa boti uwe juu ya maji kiasi cha kutosha wimbi likija kwa pembeni. Hao wote wako ndani ya skrubu zilezile unazokaza. Ukimpa mmoja, umemchukulia mwingine, na spana haisemi umemchukulia nani.

Nilikaa chuoni semista tatu, idara ya falsafa, kabla karo haijaniambia niende nyumbani. Boti tuliyojadili darasani ni ile ya Theseus anayoitaja Plutarch: ukibadilisha mbao moja baada ya nyingine mpaka zote ziwe mpya, ni chombo kilekile? Hobbes akaongeza chumvi, akauliza je kama mtu angeokota mbao zote za zamani akaunda nazo chombo kingine? Tulibishana wiki mbili. Nilipenda sana lile fumbo, lakini pale ufuoni lilionekana kama swali la mtu ambaye hana haraka ya kupanda. Matondoni, ambako majahazi na mashua huundwa na kutengenezwa, ubao wa zamani ukitolewa kama bado mzima huenda kwenye kazi nyingine, ukioza ni kuni. Hakuna anayelia kuhusu utambulisho wa chombo. Wanauliza kinavuja au hakivuji, na kinabeba wangapi.

Aliyenisaidia zaidi ni John Rawls, ambaye kitabu chake cha mwaka 1971 tulikigusa juu juu. Wazo lake ni kwamba kama tunataka kupanga mambo kwa haki, tujifanye tuko nyuma ya pazia: hatujui kila mmoja wetu atakuwa nani katika huo mpango, tajiri au maskini, mzima au mgonjwa. Ukipanga hivyo hutathubutu kumnyonga mtu yeyote, maana anaweza kuwa wewe. Sasa fanya hivyo na boti. Chagua propela kabla hujajua utakaa wapi: tezi na mkono wa mashine, omo na nyavu, au nyumbani na kikombe cha kahawa tungu. Nadhani wengi wetu tungechagua inchi 11 haraka sana.

Kasoro ni kwamba ami anajua anakaa wapi. Anajua vizuri sana, pamoja na karo za watoto wake na deni la petroli. Kumwambia ajifanye hajui ni kama kumwomba aote ndoto ya mtu mwingine. Hapo ndipo huwa naona wanafalsafa wanaruka ngazi. Pazia halishuki lenyewe. Lazima mtu alishike na kulishusha mbele ya macho ya mwenye pesa, na mara nyingi mtu huyo ni yule anayelipwa kazi ndogo: fundi, keshia, karani, askari wa geti.

Lakini subiri. Kuna mtu atasema, na ni mtu mwenye akili, kwamba abiria wenyewe hupenda mwendo. Nani kati yetu hajaacha matatu taratibu ikapita akasubiri nganya? Tunapanda kwa hiari, tunajua dereva anakimbia, tunafurahi mpaka siku hatufurahi. Kama nilikubali hatari, fundi wa nganya ana kosa gani kuongeza moto?

Nimelifikiria hili, na jibu langu ni nusu. Mimi nikipanda nganya nina matatu nyingine nyuma yake. Naweza kushuka steji. Baharia wa ami ni kijana wa miaka 19 ambaye hajawahi kuulizwa anapenda propela gani. Akikataa kupanda, anayepanda ni mwingine kesho. Kuridhia kwa mtu ambaye hana steji ya kushukia si kuridhia kwa kutosha, hata akitabasamu. Na hata kwa sisi wa nganya sina uhakika, kwa sababu tunachokubali ni mwendo tunaouona. Breki hatuzioni. Feri ya Mtongwe ilipopinduka tarehe 29 Aprili 1994, watu 272 walikufa, na ilikuwa imebeba kupita uwezo wake. Waliopanda walikuwa wanaenda zao mjini asubuhi kama kila siku. Huwezi kusema walipima kina cha maji wakakubali.

Kuhusu fundi sasa. Ilikuwa rahisi kumfanya shujaa, na ningependa, lakini hakuwa hivyo. Ni mtu wa kawaida, anapandisha bei akiona unaharakisha. Na alijua, sote tulijua, kwamba hatua mia kutoka hapo yuko fundi mwingine ambaye angeifunga 40 kabla ya adhuhuri, na ubao uliooza angeupaka rangi. Sasa kukataa kwake kulikuwa na faida gani? Ukikataa na jambo likafanyika hata hivyo, umejiosha mikono tu, na boti imepotezewa fundi mzuri. Hii ni hoja nzito, na watu huitumia kila siku kufanya mambo wasiyoyaamini: nisipofanya mimi atafanya mwingine, afadhali mimi.

Nilichokiona ni kwamba kukataa kwake kulikuwa na mkia. Hakusema hapana akaenda kunywa chai. Alisema hapana, kisha akakaa chini na ami saa nzima wakichora kwenye mchanga. Atakata ule ubao wa tezi, atoe uozo wote, aweke plaiwudi ya majini, afunike kwa faiba mpya. Ile 15, ikiwa safi, ibadilishwe pamoja na pesa za kuongeza kwa mashine ya 25 iliyotumika anayoijua historia yake. Propela ya inchi 11. Tangi la petroli litoke tezi liende katikati, sanduku la barafu lisogee mbele. Na ile kamba nyekundu ya kuzimia mashine, ambayo kila mtu huifunga kwenye mashine yenyewe ili isimsumbue, irudi kiunoni au mkononi mwa nahodha, kwa sababu nahodha akianguka na mashine ikabaki inawaka, boti inaweza kuzunguka na kumrudia aliye majini, propela ikiwa mbele yake. Hicho ndicho kipande cha bei ndogo kuliko vyote katika orodha yake. Ni hicho pia ambacho ami alikibishia zaidi. Ati kinamfanya aonekane mwanafunzi.

Kukataa bila kuleta njia ya pili ni rahisi, unapata heshima na huna jasho. Huyu alikataa akaongezea kazi yake mwenyewe ya siku nne. Sijui kama maadili yana uzito, lakini kama yana, hayo yangepimwa kwa zile siku nne za kusugua faiba kwenye jua, pua imefungwa kitambaa.

Siku ya kujaribu, ami alitaka twende wawili, yeye na mimi, aone mwendo. Fundi akasema hapana, mara ya pili. Akawaambia vijana wajaze mitungi ya lita 20 maji ya bahari, mitungi kumi, kilo 200 na zaidi kidogo, wakaipanga pale ambapo samaki na barafu hukaa. Akaweka nyavu zilizolowa. Akamwita yule baharia aketi mahali pake pa kila siku, omo. Mimi nikaketi katikati, yeye fundi karibu na tezi, ami kwenye mkono wa mashine. "Sasa tujaribu boti," akasema. "Ile nyingine ilikuwa ganda."

Ilikuwa nzito. Ami akatia moto, tezi likazama, omo likainuka mpaka nikaona mbingu tu, na kwa muda mrefu kidogo nilifikiri haitanyanyuka. Fundi akatuashiria tusogee mbele shibri moja tu. Tukasogea. Boti ikalala. Haikuteleza kama ile siku ya kununuliwa. Ilikwenda kama mtu mzima aliyebeba gunia na anajua njia. Fundi alikuwa anaangalia maji yanavyotoka nyuma, sio mbele tunakoenda. Akamwambia ami akate kona kwa nguvu, akate tena. Mashine haikuvuta hewa. Tulipofika mahali mkondo unapokutana na bahari ya nje akasema, sasa punguza, acha litugonge moja la pembeni, na wimbi likaja likatunyanyua na kututua, maji machache yakaingia, basi.

Ami hakufurahi. Alihesabu mwendo kichwani, akasema ni pole kuliko alivyofikiria, na kwamba wa 40 wangempita. Ni kweli, watampita. Kuna watu wanapitwa kila asubuhi pale na wanarudi na samaki wachache kwa sababu hiyo, na sitaki kujifanya hiyo gharama ni ndogo eti kwa kuwa mimi siilipi.

Nilimuuliza baharia, baadaye, tukiwa tunamwaga mitungi, yeye anaionaje. Alishangaa kuulizwa. Alifikiri kidogo akasema kwamba kwa boti ya zamani alikuwa anakaa na mguu mmoja umeshatangulia nje, tayari, na leo alisahau kufanya hivyo.

Ile propela ya inchi 13 iliyokuja na mashine ya 25, ami hajaiuza. Ameipaka grisi, ameitundika ukutani kwenye stoo ya nyavu, kwa msumari. Anasema ni akiba, hii ya 11 ikigonga mwamba. Baharia ananiambia kila alfajiri akiingia stoo kubeba nyavu, anaangalia kwanza ule msumari.